Nani anampa bakteria amri?

(Maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule moja ya sekondari hapa Bukavu, mbele ya wanafunzi wa bio-kemi (mkondo wa biolojia na kemia), walimu wao na baadhi ya wazazi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.)

Baba Prefe, mkuu wa shule hii, walimu wenzangu, mama na baba mliopanda kilima hiki pamoja na matope ya mvua ya jana, nanyi wanangu wa bio-kemi, nawasalimu wote.

Nilikuja na karatasi zangu zimepangwa. Nilipofika mlangoni binti mmoja wa mwaka wa mwisho akanisimamisha, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mama, mwalimu alitufundisha kwamba kiini ndicho chifu wa seli. Wiki iliyofuata akatufundisha kwamba bakteria hana kiini. Sasa kule ndani nani anatoa amri?" Karatasi zangu nimezirudisha mkobani. Swali hili limepita hotuba niliyoiandaa, na saa hii yote nitaitumia kulijibu.

Nilipokuwa na umri wenu, jibu lilikuwa fupi: hakuna wa kutoa amri kwa sababu hakuna cha kuamrisha. Bakteria ni mfuko. Tulichora duara refu kama punje ya maharage, tukaweka nukta nukta ndani, tukaandika "DNA" na "ribosomu", tukafunga daftari. Seli ya mtu ilipewa ukurasa mzima na rangi nne. Bakteria alipewa robo ya ukurasa na penseli. Nami niliamini hivyo, hata nilipoanza kazi ya maabara na kuwaona kila siku.

Waalimu wetu hatuwezi kuwalaumu. Bakteria wa tumboni anayeitwa Escherichia coli ana urefu wa mikromita 2 hivi. Chukua rula, tazama milimita moja: ndani ya nafasi hiyo unaweza kuwapanga 500, kichwa kwa mkia. Kwa udogo huo hadubini ya kawaida inakuonyesha umbo la nje, basi. Ndani ni kivuli. Na mtu akiona kivuli, ni rahisi kusema hakuna kitu.

Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus, huko Marekani, waliitafuta protini moja inayoitwa FtsZ ndani ya E. coli. Majina haya ya protini msiyaogope. Yachukueni kama namba za gari. Walitumia kingamwili zilizobebeshwa vipunje vya dhahabu, kwa sababu dhahabu huonekana nyeusi kabisa kwenye hadubini ya elektroni. Kama bakteria angekuwa mfuko wa supu, vile vipunje vingetapakaa kila mahali. Havikutapakaa. Vilijipanga kwenye mstari katikati ya seli, pale pale inapojikata kuwa mbili. Ilikuwa pete. Bakteria anapotaka kugawanyika huvaa pete kiunoni, na ukuta mpya hujengwa kuifuata pete hiyo mpaka wanaachana.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2001, watafiti wa Uingereza waliokuwa na Jeff Errington wakaonyesha kwamba bakteria mwenye umbo la fimbo ana protini nyingine, MreB, inayojipanga chini ya utando na kuongoza ujenzi wa ukuta ili fimbo ibaki fimbo. Ukimnyang'anya hiyo, anavimba na kuwa mviringo. Na hapa wanafunzi wa bio-kemi mnisikilize vizuri: FtsZ ni ndugu wa tubulini, na MreB ni ndugu wa aktini. Hizo ndizo protini zinazoshika umbo la seli zenu ninyi, zinazovuta kromosomu zenu, zinazokunja misuli yenu. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto kwamba mifupa ya seli ni alama ya seli kubwa zenye kiini. Kumbe ukoo ni mmoja.

Lakini binti yangu bado hajajibiwa. Pete inakaa katikati, sawa. Nani aliyeiambia kwamba hapa ndipo katikati? Bakteria hana rula.

Nimewaomba vijana wawili waje mbele. Huyu wa kwanza nimempa ubao umeandikwa USIJENGE HAPA. Kazi yake ni kwenda kwenye ukuta wa dirishani na kukaa pale na ubao wake. Huyu wa pili anamfuata na kumfukuza. Akifukuzwa, anakwenda ukuta wa mlangoni, anakaa, anafukuzwa tena, anarudi dirishani. Ninyi wengine wote ni mafundi wa ukuta. Mna ruhusa ya kujenga popote, ila pale ambapo ubao ule hukaa mara kwa mara mkono wenu unashikwa. Wamekwenda na kurudi mara tano. Sasa niambieni, mtajenga wapi? (Ukumbi wote ukajibu: katikati!)

Hivyo ndivyo E. coli anavyofanya. Ubao ni protini MinC. Anayeubeba ni MinD, ambaye hujibandika kwenye utando wa ncha moja ya seli. Anayemfukuza ni MinE. MinD akibanduliwa huelea, hukusanyika kwenye ncha ya pili, na mchezo huanza upya. Mwendo wa kwenda na kurudi huchukua chini kidogo ya dakika moja, na hauna kikomo maadamu seli ina ATP, kemikali inayoipa nguvu. David Raskin na Piet de Boer waliuona mwaka 1999, baada ya kuipaka MinD rangi ya kijani inayong'aa iliyotokana na samaki wa jeli wa baharini. Waliona mwanga ukihama ncha hadi ncha ndani ya kiumbe ambacho tulisema ni mfuko.

Na bakteria aliyepoteza mfumo huo? Anajikata ovyo karibu na ncha, anazaa vijiseli vidogo visivyo na DNA hata chembe. Vijiseli hivyo vilielezwa mwaka 1967, kabla mtu yeyote hajajua sababu yake. Vina ukuta, vina ribosomu, vinaweza hata kutengeneza protini kwa muda, lakini havina uzao. Nafikiri hakuna mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mtu maana ya kukosea mahali.

Nikiulizwa ni jaribio gani moja ningetaka kila mmoja wenu alijue kabla ya mtihani wa serikali, nitataja lile la mwaka 2008 huko Ujerumani, la Martin Loose, Petra Schwille na wenzao. Walichukua MinD safi na MinE safi, wakazimwaga juu ya utando bapa uliotengenezwa kwa mkono, wakaongeza ATP. Hapakuwa na seli wala DNA. Utando ukaanza kupitiwa na mawimbi, safu baada ya safu, kama ziwa letu upepo wa mchana unapoanza. Protini mbili na nguvu ya kuzisukuma: mpangilio ukatokea. Binti yangu, hili ndilo jibu langu la kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja anajibandika, mwenziwe anambandua, chumba kina kuta mbili, na kutokana na hayo katikati inajulikana.

Sasa tuje kwenye DNA yenyewe, maana najua mtaniambia: chifu ni DNA. Kromosomu ya E. coli ni duara moja la herufi milioni 4.6. Ukilikata na kulinyoosha unapata uzi wa milimita 1.5 na kidogo, karibu mara 800 ya urefu wa mwili wa mwenyewe. Unakunjwa kwa utaratibu, kila sehemu ya uzi na mtaa wake, na unapigwa nakala huku ukitumika, na nakala zinavutwa kila moja upande wake, bila ule mtambo wa nyuzi mliouchora kwenye mitosisi, mgawanyiko wa seli zenye kiini. Tena kuna hesabu ya muda ambayo ilinikosesha usingizi nilipoifahamu. Kunakili uzi wote huchukua dakika 40 hivi, na baada ya hapo seli huhitaji dakika nyingine 20 ili igawanyike. Lakini akiwa na chakula kizuri na joto la mwili wetu, E. coli hugawanyika kila dakika 20. Inawezekanaje?

Stephen Cooper na Charles Helmstetter walilieleza mwaka 1968. Seli haingojei kazi ya kwanza iishe. Inaanza nakala ya pili juu ya ile ya kwanza, na ya tatu juu ya hiyo. Mtoto huzaliwa na uzi ambao tayari umeanza kunakiliwa kwa ajili ya watoto wake. Ni kama bibi aliyeanza kusuka kikapu cha arusi ya mjukuu ambaye mama yake bado hajazaliwa. DNA hapa ni mzigo unaobebwa na kupangwa sawa na vitu vingine. Inatoa maelekezo ya kutengeneza protini, ndiyo, lakini protini hizo hizo ndizo zinazoikunja na kuisogeza. Niambieni nani ni chifu kati ya hao.

Kuhusu ukuta nitasema kwa ufupi, halafu nitawasimulia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ndani ya bakteria mna shinikizo kubwa. Kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, linakadiriwa kufika mara 10 hadi 20 ya hewa inayotuzunguka. Tairi la pikipiki lina mara 2 hivi. Kinachomzuia asipasuke ni ukuta wa nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Na ukuta huo inabidi ukue. Kila siku afungue mafundo, aingize nyuzi mpya, afunge tena, bila tobo hata moja: ni kubadilisha mabati ya nyumba mvua ikinyesha. Penisilini huwashika mikono wale wanaofunga mafundo. Bakteria anaendelea kufungua bila kufunga, na shinikizo lake mwenyewe linamaliza kazi.

Lakini mafundi si wa aina moja. Wapo wanaojenga kuta za pembeni, wapo wanaojenga ule ukuta wa kati kwenye pete. Baadhi ya dawa za jamii ya penisilini huwashika zaidi hawa wa kati. Mama mmoja aliniletea mkojo wake miaka iliyopita. Alikuwa amenunua vidonge njiani, akameza siku mbili, maumivu yakapungua, akaacha. Nikaweka tone chini ya hadubini. Badala ya vifimbo vifupi nilivyovizoea, nikaona nyuzi. Ndefu, zimelala kama tambi kwenye sahani, moja ikivuka uwanja mzima wa kuonea. Bakteria walikuwa hai na wanakua, ila hawakuweza kujikata. Nilijua kwamba dawa ikiisha mwilini, nyuzi zile zitaanza kujikatakata, na uzi mmoja utatoa watoto wengi kwa mpigo. Nilimwita yule mama, nikamketisha, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu sana. Alirudi kwa daktari siku ile ile na akameza dawa mpaka mwisho. Mimi nasema watu wetu hawapuuzi dawa kwa ujinga, hawajaonyeshwa.

Na kwa kuwa tuko kando ya Ziwa Kivu, siwezi kupita bila kumtaja bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Wazazi waliopo hapa wanakumbuka Goma ya Julai 1994, karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Bakteria huyu amepinda kama alama ya mkato, ana mkia mmoja tu, na mkia huo uko ncha moja. Ana kromosomu 2, jambo lililothibitika herufi kwa herufi mwaka 2000. Mwaka 2017 ikagunduliwa protini inayompinda. Hukaa upande wa ndani wa mkunjo na kupunguza kasi ya ukuta kukua upande huo, hivyo upande wa pili unamzidi. Akinyooshwa, huogelea vibaya zaidi ndani ya ute mzito kama ule wa utumbo. Umbo lake ni silaha yake, na umbo linatokana na protini kujua ikae upande gani.

Maji yakichemka, huyu anakufa. Hata hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, anakufa. Mama anayechemsha maji ya bidoni anaokoa watoto wake, na asikubali mtu amwambie vinginevyo. Natanguliza hilo kwa sababu hadithi inayofuata ni ya wale ambao kuchemsha hakuwaui, na sitaki mchanganye mambo mawili.

Kulikuwa na maabara moja nilipofanya kazi nikiwa bado msichana. Umeme ulikatika wiki nzima na otoklavu, chombo chetu cha kuulia vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, haikuwaka. Tukaamua kuchemsha chupa za agari, ule utelezi wa kuoteshea bakteria, kwenye sufuria juu ya makaa, saa nzima kwa saa. Kazi hiyo alipewa binti aliyekuwa akitusaidia kuosha vyombo. Tukamimina sahani zetu, tukaziacha bila kupanda kitu, kuhakikisha ni safi. Asubuhi ya pili zilikuwa zimeota. Makoloni ya rangi ya majivu, makavu, yenye mikunjo kama uso wa bibi kizee. Mkuu wetu alimgeukia yule binti mbele ya watu wote. Akamwambia amelala, moto umezimika, hakuchemsha. Binti akalia, akaapa kwamba maji hayakuacha kutokota hata dakika moja. Na mimi, nayasema haya leo kwa uchungu, nilimwona ni mwongo.

Siku mbili baadaye nilipaka koloni moja kwenye kioo na kutia rangi ya malakaiti ya kijani juu ya mvuke, kisha rangi nyekundu. Nilipotazama, vifimbo vilikuwa vyekundu, na ndani ya kila kifimbo, karibu na ncha, palikuwa na yai dogo la kijani. Spora, ile mbegu ngumu ambayo bakteria hujifungia ndani yake. Moto ulikuwa umeua kila kitu kilichokuwa kikiishi, na kuacha kile kilichokuwa kinangoja. Binti hakudanganya. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, alinisamehe, na tangu siku ile nimekuwa nikimsoma bakteria huyu.

Ferdinand Cohn, mjini Breslau, aliziona spora hizi mwaka 1876, katika maji ya nyasi kavu aliyoyachemsha yakakataa kubaki masafi. Mwaka huo huo Robert Koch aliziona kwa bakteria wa kimeta, na ndiyo maana malisho ng'ombe alipofia yanaweza kubaki hatari miaka na miaka. Pepopunda nayo hukaa udongoni kwa njia hiyo, na ndiyo sababu wembe wa kukatia kitovu hautoshi kuchovywa tu kwenye maji ya moto. Spora za namna hii zinataka mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo, dakika 15 au zaidi.

Lakini zinavyotengenezwa! Bacillus subtilis akikosa chakula, hakimbilii spora mara moja. Kwanza anatafuta njia nyingine: anaogelea kwingine, anatoa vimeng'enya vya kuvunja mabaki, hata huua baadhi ya ndugu zake wa karibu ili ale yaliyomo. Yote yakishindikana, protini iitwayo Spo0A inajikusanya mpaka kiwango fulani, na hapo seli inabadilisha desturi ya ukoo wake wote. Pete ya FtsZ inaacha katikati. Inakaa karibu na ncha moja. Ukuta unajengwa pale, na seli inagawanyika kuwa chumba kikubwa na chumba kidogo.

Hapo panatokea shida. Ukuta umejengwa juu ya uzi wa DNA. Kama theluthi moja tu ya kromosomu ndiyo iliyo kwenye chumba kidogo. Basi kwenye ukuta kuna pampu, SpoIIIE, inayovuta uzi uliobaki, herufi kwa herufi, mpaka kromosomu nzima imeingia. Halafu chumba kikubwa kinafanya jambo ambalo nikilifikiria huwa natulia kimya: utando wake unamzunguka mdogo, unamkumbatia pande zote, mpaka mdogo anakuwa seli ndani ya seli. Tunamwita mkubwa seli mama, na jina linamfaa.

Tangu hapo wanapigiana hodi ukutani. Mdogo anawasha jeni zake za kwanza, kisha anatuma ujumbe: niko tayari. Ni baada ya kusikia ndipo mama anawasha zake. Mama akimaliza kumkumbatia, mdogo anawasha kundi la pili, anabisha tena, na mama naye anajibu kwa kundi lake la pili. Hakuna anayekwenda hatua inayofuata kabla mwenziwe hajaitikia. Mama anamvisha gamba la ndani, magamba ya nje, anamjaza asidi ya dipikoliniki pamoja na kalsiamu inayofukuza maji. Kazi yote huchukua saa 7 au 8. Mwishoni mama anapasuka, anakufa, na spora inaanguka udongoni. DNA ya mama na ya mtoto ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Mmoja amekufa na mwingine anaweza kungoja miongo. Tofauti yao ilianza na ukuta uliojengwa pembeni.

Binti yangu, hili ndilo jibu langu la pili. Amri inatoka kwenye mazungumzo.

Wapo wengine, nao nitawapitia mbio kwa sababu Baba Prefe ananionyesha saa. Caulobacter crescentus wa maji baridi kila akigawanyika hutoa watoto wawili wasiofanana: mmoja ana mguu na gundi, amejibandika kwenye jiwe; mwingine ana mkia, anaogelea, na haruhusiwi kunakili DNA yake mpaka akubali kutupa mkia na kuota mguu. Anabaena ni mnyororo wa seli za kijani. Nitrojeni ikikosekana, karibu kila seli ya kumi hivi huacha kutoa oksijeni, hujivika kuta nene, hutengeneza mbolea kwa ajili ya jirani zake na kulishwa sukari nao, na haigawanyiki tena milele. Na ile harufu inayoinuka mvua ya kwanza ikigusa udongo wa Kadutu au Bagira baada ya kiangazi, hasa ni ya bakteria: geosimini ya Streptomyces. Hao huishi kama nyuzi chini ya ardhi, huinua nyuzi nyingine hewani, kisha uzi mmoja huvaa pete makumi kwa wakati mmoja na kujikata kuwa mnyororo wa spora. Ndio waliotupa streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza kuitibu kifua kikuu.

Nyuma ya ukumbi kuna hadubini tatu. Kwenye ya kwanza nimeweka mashanza, maziwa yaliyoganda, niliyonunua asubuhi hii sokoni: mtaona bakteria wa maziwa, na mkitulia mtamwona mmoja aliyebanwa kiunoni, yuko njiani kuwa wawili. Ya pili ina kioo changu cha zamani cha rangi ya kijani na nyekundu. Msiguse skrubu yake, nimekitunza tangu mwaka ule. Kwenye ya tatu wako Bacillus hai. Niliwanyima chakula jana saa kumi na mbili jioni, na baridi ya Bukavu imewachelewesha, kwa hiyo wengi hawajamaliza. Tafuteni kifimbo chenye nukta inayong'aa upande mmoja. Mama yake bado yupo, hajapasuka. Binti aliyeniuliza swali aanze yeye, na wazazi wafuate kabla ya wanafunzi wengine.